Mafuta ya chipsi yana injini yake, wala si Hilux yako

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika katika safu hii kwamba kila mwenye gari la dizeli anaweza kuachana na vituo vya mafuta, akakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, akayachuja kwa kitambaa na kuyamimina kwenye tenki. Amesema Wazungu wanafanya hivyo miaka mingi, na kwamba mafundi wanaokataza wanalinda riziki zao. Mimi ni mmoja wa mafundi hao. Kazi yangu ni pampu na nozeli, yaani vifaa vinavyosukuma na kupuliza mafuta ndani ya injini ya dizeli, hapa Ngamiani, Tanga. Nimhakikishie kwamba watu wakiufuata ushauri wake riziki yangu itanenepa. Gari moja la namna hiyo likiingia gereji, kodi ya fremu imepatikana.

Kwanza nimpe haki yake. Hakusema uongo. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inaubana upepo mpaka unapata joto la kutosha, kisha mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Kwa hiyo haichagui sana. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya aina ya Rudolf Diesel, mvumbuzi wake, iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na inaelezwa kuwa serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jambo hilo lijaribiwe, kwa sababu karanga zilikuwa tele katika makoloni yake ya Afrika. Maana yake jambo hili lilianza likitutazama sisi. Na hata karibuni zaidi, miaka ya 1990, watu wa kisiwa cha Bougainville, kule Papua New Guinea, walipozingirwa kwa vita na dizeli ikakatika, waliendesha magari yao kwa mafuta ya nazi waliyokamua wenyewe.

Lakini injini ya mwaka 1900 si injini iliyomo ndani ya gari lako leo, na hapo ndipo msomaji wako alipoteleza.

Mwaka jana kijana mmoja alileta gari lake kwangu likivutwa kwa kamba kutoka Kange. Hilux ya D-4D, safi, rangi bado inang'aa. Kijana mwenyewe mpole, shikamoo mbili mbili.

"Mzee, gari halivuti. Lilianza kuwaka kwa shida asubuhi, linatoa moshi mweupe, leo limegoma kabisa."

"Umeweka mafuta ya wapi?"

Akamtazama kwanza mwenzake aliyekuja naye. "Ya kituoni, mzee."

Nikafungua kifuniko cha tenki. Pakanuka kachori.

Filta ya dizeli ilikuwa imeziba kwa ute. Nozeli nne zote ncha zake zimeota kaboni, matundu hayaonekani. Nilipofungua nati ya chini kumwaga oili, ilitoka nzito kama uji wa mtama, tena kwa kujivuta. Nikamwambia afadhali lilivyogoma mapema, maana oili ile ingeendelea wiki chache tu na injini ingenoki. Bei ya nozeli zile nne sitaitaja hapa, mke wake huenda anasoma gazeti hili.

Nieleze kwa nini, maana video za kwenye simu hazielezi. Mafuta ya kula yakiwa ya baridi ni mazito kuliko dizeli zaidi ya mara kumi. Nozeli imetengenezwa ipulize ukungu. Ukiipa kitu kizito inatema matone. Matone hayaungui yote. Mengine yanaganda kwenye ncha ya nozeli, mengine yanapiga ukuta wa silinda, yanashuka kupita kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Huko ndani, kwa joto, mafuta ya kula yanashikana na kuwa ute usioyeyuka. Ringi nazo zinagandia kwenye pistoni. Ubaya ni kwamba hakuna dalili mwanzoni. Mwenye gari anatamba mtaani wiki ya kwanza, anajirekodi, anaonyesha moshi haupo na gari linakwenda. Hiyo ndiyo video mnayotumiana. Ya mwezi wa nne haipo kwa sababu hakuna anayejirekodi akivutwa kwa kamba.

Gari za sasa, hizi mafundi tunazoita komoni reli, zinasukuma mafuta kwa nguvu ya baa 1,000 na zaidi (baa ni kipimo cha mgandamizo), kupitia matundu membamba karibu kama unywele. Humo usithubutu kutia mafuta ya kula, hata yawe yamechujwa na malaika. Gari za zamani zina uvumilivu. Toyota za injini ya 2L na 3L, Land Cruiser ya 1HZ, Mercedes 240D, hizo nozeli zake zinafunguka kwa baa mia na kitu tu na mafuta yanaungulia kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni chenye joto. Lakini hata kwenye mikweche usiingie kichwa kichwa. Angalia pampu. Land Rover nyingi za zamani zimefungwa pampu ya CAV ya kuzunguka, ambayo inalainishwa na mafuta yale yale yanayopita ndani yake. Ukiisukumia kitu kizito kikiwa baridi, shafti inakatika. Ya Mercedes iliyonyooka, inayopata oili yake kutoka kwenye injini, ina kifua zaidi. Watu wawili wanaweza kutia dumu moja la mafuta yale yale siku moja, mmoja akafika Muheza na mwingine akalala Pongwe, na wote wawili wakaapa kwamba wanachosema ni kweli.

Wanaofanya jambo hili vizuri huko Ulaya wana matenki mawili. Wanawasha kwa dizeli, wanasubiri injini ipate moto, mafuta ya kula yanapashwa kwa maji ya rejeta mpaka nyuzi 70 au 80, ndipo wanageuza. Na kabla ya kuzima wanarudisha dizeli ili pampu na nozeli zisilale na ute ndani. Kwa daladala ya hapa, inayozimwa na kuwashwa kila kituo abiria wakigombania mlango, nani atakumbuka kurudisha?

Sisi wa Tanga tuna nazi, na huwa naulizwa sana kuhusu nazi. Kwa injini mafuta ya nazi ni bora kuliko ya alizeti, maana hayana tabia ya kukauka na kuwa vanishi. Shida yake kila nyumba ya pwani inaijua. Yanaganda joto likishuka karibu nyuzi 24. Kipindi cha kusi, Juni na Julai, chupa ya mafuta ya nazi asubuhi unaichokoa kwa kijiti. Na yakigandia kwenye paipu ya gari hakuna kijiti kitakachofika. (Mafuta ghafi ya Uganda nayo yana nta, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi hapa kwetu Chongoleani limeundwa lipashwe moto njia nzima. Sasa wewe unataka kupitisha ya nazi baridi kwenye kipaipu cha Noah.) Ufilipino wanachanganya nazi kwenye dizeli ya nchi nzima kwa sheria yao ya mwaka 2006, lakini ile imepitia kiwandani kwanza, ikabadilishwa kuwa dizeli kamili ya nazi, na walianza na asilimia moja tu. Sisi minazi yetu imezeeka na mingine imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, na kupata lita moja ya mafuta unahitaji nazi kumi au zaidi. Waachieni wapishi.

Kuna na hao wanaosema watajitengenezea dizeli ya mimea nyumbani. Ni kweli inawezekana: mafuta ya kula, methanoli na kostiki soda, unapata dizeli nyepesi juu na gliserini chini. Kostiki soda akina mama wanaotengeneza sabuni wanaijua na wanaiheshimu. Methanoli wengi hawaijui. Ni sumu, inapofusha na kuua, mvuke wake unashika moto haraka, na haina rangi. Mtoto akiiona kwenye chupa ya maji hatatofautisha. Kazi hiyo ni ya kiwanda chenye mkemia. Uani kwa mama mwenye nyumba haifai.

Tena mafuta yenyewe yaliyokaangiwa yana mambo yake. Yana maji, yana chumvi, yana unga wa bajia na magamba ya samaki. Maji na chumvi ndani ya pampu ni kutu. Kitambaa hakizuii maji. Pampu inataka uchafu usizidi mikroni 5 hivi, na kitambaa cha kanga hakijui mikroni ni nini.

Nchi hii ilikwisha kupata somo la kutia kwenye dizeli kitu ambacho si dizeli. Wenye umri wangu wanakumbuka uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakayachanganya kwenye dizeli, na sisi wa pampu tukawa hatulali, kwa sababu mafuta ya taa ni mepesi mno, hayalainishi, pampu inajila yenyewe. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kutia vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka ikakaribia ya dizeli. Uchakachuaji ukapungua. Lakini aliyeumia zaidi ni bibi wa kijijini mwenye kibatari, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Ndiyo maana nikisikia watu wanahimizana kutia mafuta ya kula kwenye magari, nafikiria sufuria kabla ya injini. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayotumia Tanzania yanatoka nje. Lita moja ya alizeti dukani hapa Ngamiani ni ghali kuliko lita ya dizeli, kwa hiyo mabichi hakuna mwenye akili atakayeyachoma. Yanabaki yaliyotumika. Haya tupige hesabu. Tuseme vibanda 100 vya chipsi, samaki na bajia mjini Tanga vitoe lita 5 kila kimoja kwa wiki, na kwamba yote yakusanywe bila kumwagika. Ni lita 500. Kosta moja kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 350, inakunywa lita 50 na ushei. Hizo lita 500 hazifiki safari 10 za kwenda tu. Mji mzima umekaanga wiki nzima, na haujaendesha hata basi moja kwenda na kurudi kila siku ya wiki hiyo.

Na tukisema tulime mimea ya mafuta ya magari, hilo nalo tulishaliona. Ule mbono kaburi (jatrofa), mmea wa mbegu za mafuta uliokuwa ukipandwa uzio wa makaburi, miaka ile ya 2000 ukageuka dhahabu ya wawekezaji. Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000. Kufikia 2011 mradi umeanguka na wanavijiji wakabaki wanauliza ardhi yao iko mikononi mwa nani. Kilwa nako kampuni ya Kiholanzi iliondoka vivyo hivyo. Jirani zetu wa Bagamoyo waliahidiwa na Waswidi ethanoli ya miwa kwenye eneo lililokuwa ranchi ya RAZABA. Ethanoli haikutoka hata dumu. Leo huko inalimwa miwa ya sukari, ya chai.

Sasa, mafuta yaliyotumika yaende wapi? Maana hapa ndipo msomaji wako alipogusa jambo la kweli na kulipita mbio. Kwa sasa yanarudi kwenye sufuria. Mwenye kibanda kikubwa akiyachoka anamuuzia mwenye kibanda kidogo, naye akiyachoka anamuuzia wa mihogo karibu na shule. Yanaishia meusi. Mengine yanamwagwa mtaroni, mvua ikija yanateremka baharini. Kwa hiyo kuyapa mnunuzi mwingine ni jambo jema hata kama hakuna gari litakalotembea nayo, ili mradi bei ya mnunuzi huyo iwe juu ya ile ya muuza mihogo.

Mnunuzi huyo yupo. Ni mwenye injini ya polepole iliyosimama mahali pamoja. Nilijifunzia ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge, enzi za injini za Lister za Uingereza. Injini ile, na ndugu zake waliotengenezwa India ambao bado wamejaa vijijini, inazunguka mara 650 kwa dakika, ina pistoni nene, unaiwasha kwa hendeli, na ikishawaka inasaga mahindi saa nzima bila kuzimwa. Haina haraka, haipandi mlima, haisimami kupakia abiria. Mzigo ni ule ule, joto ni lile lile. Mafuta mazito yanataka injini ya tabia hiyo. Na ikiharibika inafunguliwa kwa spana mbili chini ya mwembe.

Ninaye mteja, mama mwenye mashine ya kusaga upande wa Maramba. Umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, umefika kwao na mashine yake ya kila siku ni ya mota, lakini umeme ukikatika anarudi kwenye injini. Tulimtengenezea pipa la kutuliza. Mafuta yanakaa humo mpaka uchafu na maji vishuke, anachota ya juu tu. Anayapasha mpaka yaache kutatarika, maana mlio ule ni maji. Kisha anayapitisha kwenye filta mbili za lori. Kwenye paipu ya moshi tumezungusha paipu ya mafuta ya chuma, si ya shaba, kwa sababu shaba inayaharakisha mafuta kuharibika. Anawasha kwa dizeli, injini ikichemka anageuza koki, na kabla ya kuzima anarudisha. Oili anabadilisha mapema, nusu ya muda wa kawaida. Nozeli yake nimeifungua mara kadhaa, ina kaboni kiasi lakini inapuliza vizuri.

Nilimuuliza lini atachoka na usumbufu huo. Akacheka. "Fundi, usumbufu ni huu mmoja tu. Nikiwasha, wateja wanakaa wananusa, wanasema Mama leo unakaanga samaki gani. Wanakwenda nyumbani na njaa."

Injini kama zake ziko nyingi. Kuna pampu za kumwagilia mashamba, kuna vikoboleo, kuna jenereta za zamani. Boti nisizitie humo. Nyingi za wavuvi wetu zimefungwa mashine za nyuma za petroli, ambazo mafuta ya kula hayaingii kabisa, na hizo chache za dizeli sipendi mtu ajaribie bahati akiwa nje ya Pemba. Pawatila za Kichina, vitrekta vya mkono, zinakubali, ila vijana wanaziendesha kwa pupa, basi nazo nasitasita.

Yasiyofaa kwa injini, yale ya chini ya pipa, yaende kwa akina mama wa sabuni.

Kuhusu gesi sina mengi. Wenzetu wa Dar wanafunga mitungi ya gesi asilia, kama ile ya Songo Songo, kwenye bajaji na teksi na wanafurahi, lakini bomba la gesi hiyo halijafika Tanga. Hapa kwetu kulikuwa na jambo kubwa zaidi, tena halikuhitaji nazi wala karanga. Kwenye jani la mkonge, singa, yaani nyuzi za kutengenezea kamba, ni asilimia 2 mpaka 4 tu, mengine yote ni maji na makapi. Pale Hale, Katani Limited walijengewa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi ya kuzalisha umeme, kilowati 150. Kilikuwa kitu cha kujivunia. Mkoa una mashamba ya mkonge kila upande na makapi yanaoza juani. Kama gazeti lako lina mwandishi mwenye nafasi, limtume Hale na mashamba mengine akatuandikie hali ikoje leo, badala ya kutuletea habari za Wazungu na mafuta ya chipsi.

Kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga naomba vitu viwili, na havihitaji mfadhili. Liwekwe pipa lenye kufuli, moja soko la Mgandini, moja Makorora na moja pale kwa wakaanga samaki, na ipatikane bei inayojulikana ya kununulia mafuta hayo kwa lita. Na mabwana afya, badala ya kumwaga sufuria ya mama mmoja barabarani huku watu wanatazama, wamwonyeshe pipa hilo liko wapi na atalipwa kiasi gani. Wenye mashine watanunua. Mimi mwenyewe niko tayari kuwafundisha bure kutuliza na kuchuja, na mama wa Maramba amekubali watu waende kwake kuona, isipokuwa siku ya gulio.

Na huyo msomaji wako akipita Tanga aje Ngamiani na gari lake, aulize fundi pampu, ataonyeshwa. Nitafungua boneti nimwambie pampu yake ni ya aina gani na inakubali nini. Kuangalia sitozi.

Wako,
Fundi Pampu na Nozeli,
Ngamiani, Tanga